Mafuta Yaliyosalia Chini ya Nyumba

Ukisikia kwamba mtu fulani ana lita elfu moja za mafuta chini ya nyumba yake, utadhani ni tajiri mwenye duka, au ni mlanguzi anayengoja bei ipande. Lakini huku ninakokaa, katika mji wa Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, jambo hilo ni la kawaida kama ghala la mahindi kwetu Ungoni. Hata bibi kizee anayeishi peke yake analo tangi lake. Nataka kukusimulia habari za tangi moja la namna hiyo na mafuta yaliyosalia ndani yake. Najua wapo wasomaji wenye watoto au ndugu waliokuja pande hizi, na barua zao husema tu "huku kuna baridi", bila kueleza baridi hiyo huondolewaje, wala kwa fedha ngapi.

Baridi ya huku si ile ya Njombe. Mwezi wa Januari ukiacha ndoo ya maji nje usiku, asubuhi wakuta jiwe. Nyumba isiyo na moto haikaliki, wala si watu tu wanaoumia. Maji yaliyomo katika mabomba ya ukutani huganda, yakiganda huvimba, na bomba la chuma hupasuka kama ganda la yai. Siku barafu inapoyeyuka, nyumba nzima hufurika. Kwa hiyo kila nyumba ina njia yake ya kupata joto, na katika nyumba nyingi za Maine njia hiyo ni tanuru la mafuta, lililowekwa katika chumba kilichochimbwa ardhini chini ya nyumba. Tanuru hupasha maji au hewa, na joto hupanda vyumbani. Katika majimbo yote ya Marekani hakuna linalotegemea mafuta kwa kazi hii kuliko Maine.

Mafuta yenyewe ni ndugu wa dizeli, ila yametiwa rangi nyekundu kwa sababu nitakayoieleza. Tangi la kawaida ni la chuma, urefu wake karibu mita moja na nusu, na kimo chake chapita kiuno cha mtu mzima. Huchukua galoni 275 za Kimarekani, ndizo lita 1,040 hivi. Kutoka tangini mabomba mawili hutoka nje kupitia ukutani: moja la kutilia mafuta, jingine la kupumulia. Gari la mafuta likija, dereva huunga mpira wake kwenye bomba la kutilia na kufungulia. Mafuta yakiingia, hewa hutoka kwa bomba la pili ikipiga filimbi, na filimbi ikinyamaza ajua tangi limejaa. Hana haja ya kubisha hodi wala kuingia ndani. Likumbuke bomba hilo la nje, maana nitalirudia.

Sasa siku hizi matangi mengi yanaachwa. Watu wanaweka mashine za umeme zinazovuta joto kutoka hewani na kulileta ndani. Utaniuliza, hewa ya barafu ina joto gani? Hata mimi niliuliza. Lakini joto limo, ijapokuwa mkono haulioni, na mashine hulikusanya. Mwaka 2019 serikali ya Maine iliweka shabaha ya mashine mpya 100,000 kufika mwaka 2025, na shabaha hiyo ilifikiwa mwaka 2023. Basi kila nyumba inayobadilisha huwa na swali lile lile: tangi la zamani tulifanyeje, na mafuta yaliyosalia yaende wapi? Kwa kawaida kampuni ya mafuta haikubali kuyarudisha katika gari lake, maana haijui yamekaaje wala yamechanganyika na nini. Wale wanaoondoa matangi huyavuta na kuyachukua, na mara nyingi mwenye nyumba ndiye anayelipa. Ajabu kidogo: umeyanunua kwa fedha, na walipa tena ili yaondoke.

Jirani yetu mmoja, bibi mjane aliyekuwa mwalimu wa shule, aliweka mashine hizo mwaka 2022. Mwezi wa Desemba akaniita, kwa sababu kazi yangu ni matengenezo ya nyumba za kupanga, na ufundi wa tanuru nimejifunza kwa mzee mmoja mwenye leseni. Akanionyesha kipimo kilicho juu ya tangi. Kilikuwa kati ya robo na nusu. "Wanakuja kuliondoa mwezi ujao," akasema. "Kama kuna mtu anayeyahitaji, ayachukue. Sharti langu ni moja, asidondoshe mafuta katika ngazi zangu."

Mtu anayeyahitaji hakuwa mbali. Ng'ambo ya barabara ilikaa familia iliyotoka Bukavu, baba, mama na watoto watatu, na wa mwisho alikuwa na majuma matatu tu. Walikodi nyumba kuukuu ambayo mpangaji hujinunulia mafuta mwenyewe. Baba alikuwa hajapata ruhusa ya kufanya kazi, maana kwa sheria ya wakati ule mwenye kuomba hifadhi hakupewa kibali cha kazi kabla ya siku 180 kupita tangu apeleke maombi yake. Na mwaka huo mafuta yalikuwa ghali kupita kiasi. Mwezi wa Novemba 2022 galoni moja ilizidi dola 5 katika Maine. Tena magari ya mafuta mara nyingi hayaji kwa chini ya galoni 100, ndiyo kusema dola mia tano na zaidi kwa mkupuo mmoja. Baba yule alikuwa akienda na dumu kwenye kituo cha petroli, ananunua galoni 5 za dizeli, anarudi kuimimina katika tangi lake. Dumu moja lilimfikisha kesho yake. Katika nyumba ile kuukuu, siku za baridi kali, tanuru lilikula galoni 4 au 5 kwa siku.

Nilipowapelekea habari, nilidhani watafurahi mara moja. Mama akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Kaka, hayo mafuta yamekaa miaka mingapi? Yakiharibu mashine ya mwenye nyumba, si atatutoa, na mtoto huyu mchanga?" Baba naye aliona haya. Alisema hakuzoea kula mabaki ya meza ya mtu.

Msomaji, mimi naona mama alikuwa na haki kabisa kuuliza, na baba hakuwa na haki sana kuona haya. Mafuta si makombo. Yakikaa katika tangi zima, ndani ya nyumba, huchukua muda kuharibika. Kinachoharibika ni chini. Hewa yenye unyevu huingia kwa bomba la kupumulia, hufanya matone katika kuta za tangi, na matone hushuka. Maji ni mazito kuliko mafuta, basi hukaa chini kabisa. Hapo chuma hupata kutu, na katika mpaka wa maji na mafuta huota vijidudu vinavyokula mafuta na kuacha utelezi mweusi. Kutu, maji na utelezi hufanya mashapo. Nawe wajua jambo hili tangu utoto: taa ya chemni iliyotiwa mafuta yenye maji huruka-ruka na kuzimika, ingawa yaliyo juu katika chupa ni safi. Katika tanuru, tundu linalonyunyiza mafuta ni dogo kama la sindano, na punje ya kutu yatosha kuliziba. Kwa hiyo swali halikuwa kama mafuta ya bibi ni mazuri, bali ni mazuri mpaka kina gani.

Tukampigia simu mwenye nyumba yao. Akakubali, kwa sharti kwamba chujio la tanuru libadilishwe na fundi mwenye leseni awepo wakati wa kuliwasha. Nilipenda sharti hilo. Kufanya kazi kama hii kwa siri katika nyumba ya mtu ni kutafuta ugomvi.

Siku ya kazi nilifungua kizibo kilicho juu ya tangi la bibi, nikatumbukiza fimbo kavu taratibu mpaka chini. Ncha yake nilikuwa nimeipaka dawa nzito kama uji wa mgonjwa, ambayo ikigusa maji hubadilika rangi, ikigusa mafuta haibadiliki. Fimbo ilitoka na mafuta ya inchi 18, na rangi ilibadilika karibu nusu inchi tu. Tangi la namna hii lina tumbo la mviringo juu na chini, na ubavu ulionyooka katikati. Katikati kila inchi ni galoni 7 hivi, lakini inchi tatu za chini zote pamoja hazizidi galoni 9. Nikawaambia, hizo tatu tunaziacha. Baba wa mtoto akahesabu haraka haraka akasema, "Galoni 9 ni siku mbili za moto, kaka." Ni kweli zilikuwa siku mbili. Lakini kwa ajili ya siku mbili hizo mtu anaweza kuziba tanuru usiku wa manane na kukosa moto juma zima.

Koki iliyo chini ya tangi hatukuigusa, maana hapo ndipo mashapo yanapotokea kwanza. Tulivuta kutoka juu. Mpira wa kuvutia tuliufunga kwenye ufito, hata mdomo wake ukaning'inia inchi tatu juu ya sakafu ya tangi, na tukatumia pampu ya mkono. Pampu ya umeme ya maji haifai, kwa sababu haikutengenezwa kwa mafuta na yaweza kutoa cheche. Na hapa naomba usikilize vizuri, wewe uliye kijijini mwenye pikipiki au mashine ya kusaga. Wengi wetu tumezoea kunyonya mpira kwa mdomo ili mafuta yaanze kushuka. Acha. Tone linalokwenda tumboni si kitu mbele ya tone linalopotea njia na kuingia mapafuni. Hilo huleta kichomi kibaya kisichotokana na baridi. Ndiyo sababu hata mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi kwa nguvu. Hupelekwa hospitali upesi.

Madumu yetu yalikuwa ya rangi ya njano, maana huku dumu la dizeli ni la njano, la petroli ni jekundu, na la mafuta ya taa ni la buluu, ili mtu asikosee gizani. Kila moja lachukua galoni 5, karibu sawa na debe letu, na likijaa lapata kilo 16 hivi. Tulijaza 19. Fanya hesabu: galoni 95. Kwa bei ya majira yale ni zaidi ya dola 400 za mafuta, na kwa tanuru lile ni kiasi cha majuma matatu. Tulikuwa watu watatu, mmoja anapampu, wawili wanapanda na kushuka ngazi zilizotandikwa magunia na makaratasi. Mafuta mawili matatu yalidondoka karibu na tangi, tukamwagia mchanga wa paka. Usicheke. Huku paka hujisaidia ndani ya nyumba, katika sanduku lenye mchanga unaouzwa dukani kwa mifuko, na mchanga huo hunyonya mafuta kuliko majivu. Bibi alikaa juu ya ngazi na kikombe chake cha chai akitazama kila dumu linavyopita, kama mwalimu anayesimamia mtihani.

Dumu la kwanza, la katikati na la mwisho nilitoa kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, nikaitazama mwangani. Mafuta mazuri ya namna hii ni mekundu na maangavu kama maji ya rosela. Yakiwa na ukungu, yana maji. Yakinuka kama kitu kilichooza, vijidudu vimekwisha kuyatawala, na hapo heri kuyaacha yote. Yetu yalikuwa maangavu, ila ya dumu la mwisho yalikuwa na vumbi jembamba. Hata hivyo tuliyaacha madumu yote yatulie siku moja, kisha tukayamimina taratibu kupitia chujio la waya mwembamba, na lile la mwisho tukaliacha na kikombe kimoja chini.

Katika kungoja huko akatokea jamaa mmoja mwenye gari la dizeli, akasema kwa nini mafuta mazuri hivi yachomwe, yeye ananunua madumu manne, na familia itapata fedha taslimu. Fedha taslimu ni maneno matamu kwa mtu asiye na kazi. Lakini ile rangi nyekundu ndipo ilipo kazi yake. Mafuta ya nyumbani hayalipiwi kodi ya barabara, na serikali iliyatia rangi ili mkaguzi akichungulia tangi la gari ajue mara moja. Faini ni dola 1,000 au dola 10 kwa kila galoni, ile iliyo kubwa zaidi. Mtu aliyeomba hifadhi na anangojea shauri lake hana haja ya kutafuta kesi nyingine kwa madumu manne. Baba akamjibu kwa upole kwamba mafuta hayo yalitolewa kwa ajili ya mtoto, na mtoto hana gari.

Pia mtu mwingine, kwa wema, alileta dumu la mchanganyiko aliloacha gereji, nusu dizeli, nusu hajui nini. Hilo tulilikataa bila mjadala. Petroli kidogo tu katika mafuta ya tanuru yaweza kulipua chumba.

Mzee fundi alikuja jioni. Alitazama kwanza tangi la familia kama lina kutu inayotoka jasho, akaona ni zima. Akashukuru kwamba nalo lilikuwa ndani ya nyumba, maana mafuta haya yakiwekwa katika tangi la nje wakati wa baridi kali hupata uzito kama mafuta ya kula yanavyoganda Njombe mwezi wa Julai, na hayapiti tena katika bomba. Kwa matangi ya nje watu hutumia mafuta ya taa au huyachanganya. Akazima tanuru, tukamimina, akasema lisiwashwe mpaka asubuhi ili kila kilichotibuka kishuke. Usiku ule familia ililala kwa jirani. Asubuhi akabadilisha chujio, akatoa hewa katika bomba la mafuta, akawasha.

Kabla ya kwenda alimwita mama, wala si baba, akamwonyesha kitufe chekundu. "Likizimika, bonyeza mara moja tu," akasema. "Likikataa, niite. Usibonyeze tena na tena." Kila ukibonyeza, mafuta hunyunyizwa ndani ya tanuru bila kuwaka, na siku moto unaposhika, huyashika yote kwa pamoja. Mama akarudia maneno hayo kwa sauti mara mbili, akambandikia mumewe karatasi ukutani. Tanuru halikuzimika. Mafuta yale yaliwafikisha katikati ya Januari, na kabla hayajaisha msaada wa mafuta waliouomba tangu vuli ulikuwa umejibiwa.

Watu wa kuondoa tangi walifika kwa bibi kama walivyoahidi. Walivuta galoni zile za chini, na nilipochungulia ndoo yao niliona kitu cheusi kizito kama masizi yaliyokorogwa na ute. Baba wa mtoto naye aliona, akanigusa bega, hakusema kitu. Wakalikata tangi vipande viwili, wakalipandisha ngazi, wakapiga ufagio, wakaanza kupakia vyombo vyao.

Nikawauliza habari ya bomba la nje. Wakasema watu wa bomba watakuja siku nyingine. Hapo bibi alikataa kutia sahihi karatasi yao. Yeye kwa miaka mingi alikuwa katika orodha ya kampuni inayoleta mafuta bila kuitwa, kwa kuhesabu siku na baridi, na ingawa alikwisha kuwaandikia waache, hakuamini karatasi kushinda ukuta. Maana imetokea zaidi ya mara moja katika nchi hii kwamba tangi limeondolewa, bomba likaachwa, na dereva asiyejua akaunga mpira wake na kumimina mamia ya galoni juu ya sakafu tupu. Nyumba ya namna hiyo haikaliki tena kwa muda mrefu, na kisima kilicho karibu huharibika. Basi walibaki mpaka saa kumi na moja jioni, wakang'oa mabomba yote mawili, wakaziba matundu kwa saruji.

Juma lililofuata, siku ya Jumanne, theluji ikianguka, gari la mafuta lilisimama mbele ya nyumba ile. Dereva akashuka, akauvuta mpira begani, akaenda ubavuni mwa nyumba kama alivyozoea. Nilimwona akipapasa ukuta kwa mkono wenye glavu, akatazama kiraka cha saruji, akatazama namba ya nyumba, akatazama karatasi yake. Kisha akauvingirisha mpira, akaenda zake.